Kile kifungu cha fidia ambacho sikukisoma

Makala ile ilinilipa shilingi 6,000. Ilihusu mgogoro wa ardhi huko Kilifi, na stakabadhi zote nilikuwa nazo. Nilichokosa ni kusoma ukurasa wa tatu wa mkataba wangu na gazeti.

Mimi niliandika kwamba mwenye kampuni "anadaiwa" kuuza kiwanja kimoja mara mbili. Mhariri akabadilisha kichwa, likatoka neno "tapeli". Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wakili. Nikampigia mhariri nikidhani tumo chombo kimoja, akanitumia picha ya kifungu nilichokitia sahihi: mwandishi atabeba madai yoyote yatakayotokana na makala, pamoja na ada za mawakili.

Yoyote! Hata ya uongo, hata yaliyozuka kwa kosa la mhariri. Na hapa Kenya sheria ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina, inasema ukimsingizia mtu kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, fidia isipungue shilingi 400,000. Utapeli umo humo. Pima na 6,000 zangu.

Bahati yangu, gazeti lilichapisha masahihisho na mlalamishi akatulia. Lakini tangu siku hiyo sitii sahihi kabla ya kuomba mabadiliko. La kwanza, niwajibike tu kwa kosa ambalo mahakama imethibitisha ni langu. Barua ya wakili si hukumu. La pili, pale panaposema "mwandishi anahakikisha kwamba hakuna kashfa", paongezwe "kwa kadiri ya ufahamu wake", maana mwenye kuamua kashfa ni hakimu. Vichwa, picha na chochote kilichoongezwa chumba cha habari, hayo si yangu. Kisha naomba kikomo: nisidaiwe zaidi ya nilicholipwa. Hili la mwisho hukataliwa mara nyingi, basi nauliza kama bima yao inamfunika mwandishi wa kujitegemea.

Usiogope kuuliza. Wahariri wengi hawajawahi kukisoma kifungu hicho wenyewe; walirithi mkataba. Mmoja alinijibu kwa dakika tano, "Futa tu, tuma."

Kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo rekodi za mahojiano sizifuti kabla ya muda huo kupita. Na rasimu naituma kwa baruapepe ili ushahidi wa nilichoandika ubaki, hata mhariri aking'ang'ania WhatsApp. Simu yangu ya zamani iliibwa kwenye matatu, na rasimu iliyosema "anadaiwa" ilikuwa humo.