Jibu: Klabu kongwe kuliko zote duniani mbona haipo Ligi Kuu?

Mkuu umeuliza Sheffield FC ya England imekuwaje iko madaraja ya chini wakati ndo klabu ya soka kongwe duniani. Iko hivi, ilianzishwa 24 Oktoba 1857 na Nathaniel Creswick na William Prest, hapo hata FA, yani chama cha soka cha England, haijazaliwa bado (FA ni 1863), yani jamaa walijitungia sheria zao wenyewe wakawa wanacheza. Mechi yao na majirani zao Hallam ya Desemba 1860 ndo derby ya kwanza kabisa ya klabu kwa klabu, na mpaka leo bado wanakutana, mimi hilo linanigusa sana aisee.

Kilichowaacha nyuma ni pesa. 1885 FA iliruhusu wachezaji kulipwa, wao wakakomaa na uridhaa, yani kucheza bila malipo, wenzao wakapaa. Walibeba FA Amateur Cup, kombe la timu za ridhaa, 1904, basi. Sasa hivi uwanja wao uko Dronfield, mji wa jirani, wala sio Sheffield kwenyewe. Ila 2004 FIFA iliwapa tuzo ya heshima, klabu nyingine iliyopewa ni Real Madrid tu, na 2011 waliuza kitabu chao cha sheria kwa zaidi ya pauni 880,000 kusaidia klabu, roho iliniuma.