Kwa mnaoanza kujenga meno ya mbele: shughulikeni na mate kwanza

Mwaka wangu wa kwanza Kigoma nilimjengea mwalimu mmoja jino la mbele lililovunjika pembe baada ya kuanguka na bodaboda njia ya Mwandiga. Alitoka kwenye kiti akijitazama kwenye kioo cha simu, akacheka mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka naye. Siku ya tisa akarudi na kipande kimefungwa kwenye karatasi. Kilibanduka akila hindi la kuchoma.

Nilikigeuza kile kipande. Upande wa ndani uling'aa kama ukucha. Shikeni hilo, wadogo zangu: kompoziti, yaani ile dawa ya rangi ya jino tunayojengea, ikiwa imeshika sawasawa haibanduki nzima nzima. Ikishindwa, humeguka yenyewe na kuacha mabaki jinoni. Ikitoka safi namna ile, ujue haikuwahi kushika. Mimi nilianza kulaumu dawa, nikasema labda imeharibikia njiani kwa joto. Kaka yangu wa kazi akaniuliza jambo moja tu: "Ulimi wake ulikuwa wapi ulipokuwa unapaka gundi?" Sikuwa na jibu.

Kompoziti haina gundi ya miujiza. Kinachoifanya ishike kwenye enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ni asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 37, ambayo huchimba vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Gundi huingia mle, ikaganda, ikawa kama mizizi. Njia hii aliionyesha daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka 1955, na wazo alilitoa kwa watu wa viwandani waliokuwa wakitumia asidi hiyo kwenye chuma ili rangi ishike. Fundi yeyote wa kunyoosha bodi za magari angemwelewa. Naye fundi hapaki rangi juu ya chuma chenye maji.

Basi fanyeni hivi. Asidi ikae kwenye enameli sekunde 15 hadi 30, isuuzeni kwa maji mengi bila haraka, kisha pulizeni hewa. Jino linatakiwa liwe jeupe na kavu kama chaki, lisilong'aa hata kidogo. Mkifika kwenye dentini, ile sehemu laini zaidi iliyo chini ya enameli, msiikaushe mpaka ikauke kabisa. Iacheni na unyevu kidogo. Mate yakigusa ile chaki hata kwa nukta moja, mng'ao unarudi pale pale, na kufuta kwa pamba hakusaidii: vishimo vimeshaziba. Suuzeni, rudieni asidi kwa sekunde chache, kausheni upya. Inauma kurudia wakati foleni ni ndefu. Rudieni.

Mpira wa kutenga jino ukiwepo, utumieni. Usipokuwepo, pamba chini ya mdomo na pembeni, badilisheni kabla hazijalowa, na msaidizi asiachie mrija wa kufyonza mate. Damu ni mbaya kuliko mate. Mgonjwa mwenye ukoga na fizi zinazovuja msimjengee siku hiyo, hata akiwa na harusi Jumamosi. Msafisheni, mfundisheni kupiga mswaki, arudi baada ya wiki moja au mbili fizi zikiwa zimetulia. Mtu akija na jino lililovunjika, muulizeni pia amepaka nini nyumbani. Wengi huweka mafuta ya karafuu kutuliza maumivu, na yujenoli iliyomo kwenye karafuu huizuia kompoziti kukaza vizuri. Ndiyo sababu hata kizibo cha muda chenye dawa ya karafuu hakifai chini yake.

Rangi chagueni kabla ya yote, jino likiwa limelowa mate yake ya kawaida. Jino likikaa wazi dakika chache hukauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo. Ukichagua saa hiyo, kesho yake mgonjwa ana jino moja jeupe kupita mengine. Mpelekeni dirishani kwenye mwanga wa mchana, afute rangi ya mdomo, kisha wekeni tone la dawa juu ya jino bila asidi, limulikeni kwa taa ya bluu inayokaza dawa, mtazame pamoja. Anayetaka meno yote yawe meupe afanyiwe weupe kwanza, halafu msubiri wiki mbili, kwa sababu oksijeni ya ile dawa ya weupe huzuia gundi kushika.

Taa ya bluu nayo inadanganya. Inawaka, mnadhani inafanya kazi. Huku umeme ukikatika betri huchoka, na mwanga hafifu hukaza juu tu, chini pakabaki pabichi. Kila Jumatatu mimi huweka dawa ya unene wa milimita 2 juu ya karatasi, naimulika sekunde 20, kisha nakwaruza upande wa chini kwa kifaa. Ikikwaruzika kama nta, taa hiyo haiingii mdomoni mwa mtu. Jengeni kwa tabaka zisizozidi milimita 2, taa ikaribie jino, na miwani ya rangi ya chungwa msiisahau.

Kuna suala la mwanya. Vitabu vyetu vinaueleza kama kasoro ya kuziba, lakini hapa mwanya ni uzuri, unasifiwa. Binti mmoja wa Ujiji aliletwa na shangazi yake ili uzibwe. Nilipomuuliza mwenyewe, akatazama sakafu. Nikampa kioo, nikaweka dawa bila asidi wala gundi ili aone atakavyokuwa, na nikaitoa kwa kidole. Akasema, "Dokta, huyo si mimi." Shangazi hakufurahi. Wakaenda, na mwanya wake uko pale mpaka leo. Jaribio hilo mfanyieni kila mtu; enameli mkiichonga haioti tena.

Waambieni ukweli kabla hawajalipa. Dawa hii hudumu miaka kadhaa, haidumu maisha, na hubadilika rangi kwa chai, kahawa na sigara. Anayefungua soda kwa meno au kumenya muwa ataivunja. Anayesaga meno usingizini ataivunja haraka zaidi.

Yule mwalimu nilimrudia siku ile ile, bure, msaidizi akiwa ameshika mrija muda wote. Huu ni mwaka wa nne. Nimeling'arisha mara mbili, na mwaka jana pembe ilipomeguka kidogo sikubomoa: nilikwaruza pale, nikaweka asidi na gundi, nikaongeza dawa kiasi cha punje ya mchele. Bado anakula mahindi ya kuchoma, ila siku hizi huyapukuchua kwanza.