Wadogo zangu mnaoomba elektriko (uhandisi wa umeme) chuoni mwaka huu, someni hapa kwanza

Matokeo ya form six yakishatoka tu simu yangu haipumui, na meseji karibu zote zinauliza kitu kilekile, bro nina D ya fizikia na E ya Advance (Advanced Maths), naingia elektriko? Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha niandike mara moja, ukinitumia meseji nitakutumia hii.

Jibu la huyo wa D na E ni hapana. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka prinsipo mbili (ufaulu wa A mpaka E) kwenye masomo yanayotakiwa na kozi, jumla isipungue pointi 4. Kwa elektriko masomo yenyewe ni Advanced Maths na Physics, basi D na E ni 3, umekwama hapo. D na D ni 4, kwenye karatasi mlango uko wazi, ila usishangae ukiachwa maana nafasi ni za kugombania na wenzio wana B na C, chuo kinachukua kuanzia juu kushuka chini, hiyo 4 ni ya kuruhusiwa kuomba tu. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili, mtu anakwambia mbona nina sifa na sijachaguliwa, mdogo wangu sifa unazo, nafasi ndo hukupata.

Na ninyi wa PCB (fizikia, kemia, bailojia), najua mnauliza pia. BAM, ile hesabu ya msingi mnayosoma, sio Advance. Hata kama BAM umepiga vizuri kiasi gani haihesabiwi kama prinsipo ya hesabu, kwa hiyo elektriko kwa njia ya form six imefungwa kwenu. PCM na PGM, wenye fizikia na Advance ndani ya kombi, ndo wenye njia. Kuna dogo mmoja alilia kabisa kwenye simu nikaona bora watu waambiwe wakiwa form four, maana huko ndo mnachagua kombi kwa kufuata marafiki.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wanaidharau, diploma. Unamaliza form four, unaenda mfano DIT (taasisi ya teknolojia Dar) au chuo cha ufundi Arusha, unasoma miaka 3 kuanzia NTA level 4 mpaka 6 (ngazi za masomo ya ufundi), ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenda juu kwenye diploma inayoendana na kozi unaomba digrii. Nilisoma na wengi wa hivi, na kwenye maabara walikuwa wanatuonea huruma sisi wa form six, maana tulikuwa hatujawahi kushika hata kontakta (swichi ya kuwasha mota), sisi tunatafuta waya wa nyutro wao wameshamaliza kufunga na wameshaandika riport. Ila kwenye hesabu za mwaka wa kwanza mambo yaligeuka, wao ndo wakawa wanatutafuta sisi usiku. Ukijitambua uko upande gani tafuta rafiki wa upande wa pili wiki ya kwanza kabisa, hiyo ndo biashara nzuri kuliko zote nilizofanya chuo.

Kwenye kuomba sina maneno mengi. Chukua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu huu, sio wa kaka yako wa miaka mitatu iliyopita, iko miwili, wa waliotoka sekondari na wa wenye diploma, soma mstari wa kozi yako kwenye chuo unachotaka maana vyuo vinaongeza masharti yao, hasa kuhusu kemia na matokeo ya form four. Maombi unatuma chuo chenyewe. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba maalum (code) wanayokutumia kwenye simu, kwa hiyo usijaze namba ya simu ya mjomba ambaye hapatikani. Kingine, siku hizi kuna kozi zina majina matamu matamu. Kabla hujaipenda jina uliza kama digrii hiyo inatambuliwa na ERB, ile bodi ya usajili wa wahandisi, maana bila ERB utasoma miaka 4 na hutaruhusiwa kujiita injinia.

Haya, hizo ndo sifa za kuingia. Sasa nije kwenye sifa za kubaki, hizi hakuna mwongozo unaoziandika.

Elektriko ni hesabu. Najua umeambiwa ni umeme, na umeme upo, ila miaka miwili ya kwanza utauona umeme umevaa nguo za hesabu tu. Mimi form six nilifaulu Advance kwa ujanja, pepa ya pili ina sehemu ya maswali ya kuchagua, basi difrensho ikwesheni niliziruka kabisa, nikasema hizi sizihitaji maishani, nikapata C yangu nikafurahi. Mwaka wa pili chuo nikaingia kozi ya sakiti, lekchara anachora rizista, koili na kapasita, anaandika mstari mmoja, difrensho ikwesheni ya daraja la pili. Nikasema aah. Kozi ya siginali, Laplace (njia ya kuzitatua), hizohizo tena. Kontro, yaani kuongoza mitambo, hizohizo. Halafu ikaja filidi, yaani uga wa umeme na sumaku, hiyo inataka vekta na integresheni za pande tatu, nikapata 31. Sapu, yaani kurudia mtihani. Likizo wenzangu wako nyumbani wanakula mihogo mimi niko hosteli na desa (noti) la filidi, na wakati huo boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limeisha zamani, nilikuwa nakula mlo mmoja. Sapu nikaipita kwa C, na C hiyo haikunisaidia chochote kwenye GPA.

Kwa hiyo ukiniuliza topiki gani za form six usizikimbie, ni kompleksi namba, difrensho ikwesheni, vekta na integresheni. Kompleksi namba hasa. Kule form six unaona ni mchezo wa yule i (mzizi wa -1) anayejificha, kwetu anaitwa j kwa sababu i tumeshampa kazi ya karenti, na ndiye anayekuambia karenti imechelewa kiasi gani nyuma ya volteji. Huko ndo inatoka pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli.

Ngoja nikupe kisa cha PT maana hapa ndo mimi niliamka. PT ni ile mafunzo kwa vitendo, kwetu ilikuwa wiki 8 kila mwaka ukiisha kwa miaka mitatu ya kwanza, una logibuku unajaza kila siku na mwisho unaandika riport, na ina maksi kabisa. PT ya kwanza niliangukia ofisi moja wakanifanya mtu wa kutoa fotokopi, wiki ya tatu bado nafuata chapati za bosi, na logibuku nilijaza uongo mtupu. Ya pili nikasema siendi ofisini, nikamfuata mzee mmoja fundi wa mota, shikamoo mzee, naomba nikae hapa nijifunze, akacheka, akasema injinia anakuja kujifunza kwa mimi darasa la saba? Akanipokea.

Wiki ya kwanza tukaitwa kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine amenunua mota mpya ya kilowati 15, akiwasha tu breka inaruka, ameshabadilisha breka mbili. Mzee akaniuliza, haya injinia, hii mota inakula ampea ngapi? Nikatoa kalkuleta. Wati 15,000, gawanya kwa mzizi wa 3 mara 400 mara pawa fakta 0.85 mara efishensi (ufanisi) 0.9, inakuja kama ampea 28. Mzee hakuwa na kalkuleta, alisema thelathini kasoro. Nikasema basi breka ya 40 inatosha, mbona inaruka? Akaniangalia tu.

Mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara 5 mpaka 7 ya karenti yake ya kawaida. Yaani ile 28 inakuwa 140 mpaka karibu 200 kwa sekunde chache za mwanzo. Darasani nilishaisoma hii na mtihani nilipata, ila ilikuwa haijawahi kukaa kichwani pamoja na breka inayoruka na watu wameshika debe za mahindi wanasubiri. Mzee akafunga sta-delta, njia ya kuiwasha mota kwa hatua mbili, inaanza sta kisha inahamia delta, kwa kontakta tatu na taima na ovalodi (kinga ya mota isizidiwe). Ikiwa sta kila waindingi (koili ya mota) inapata volti 230 badala ya 400, basi karenti ya waindingi inashuka kwa mzizi wa 3, na kwa kuwa kwenye delta laini inabeba mzizi wa 3 zaidi ya waindingi, ukijumlisha yote karenti ya laini inabaki theluthi moja. Ile 140 inakuwa kama 47. Na hapa pia mzee alinifundisha kitu ambacho kwenye noti kilikuwa mstari mmoja nimeupita, nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi, kwa hiyo akamwambia mwenye mashine kabisa, mama, usimwage mahindi mpaka usikie imebadilisha sauti. Ukimwaga mapema haitanyanyuka. (Na kabla hujafunga sta-delta soma kibati cha mota, lazima delta yake iwe ya 400, ikiwa ni 230 delta utaiunguza mchana kweupe.)

Tangu siku hiyo nilianza kusoma tofauti. Kila fomula najiuliza hii iko wapi mtaani. Mzizi wa 3 sio wa kukariri tu, 230 ya nyumbani kwenu mara 1.732 ndo hiyo 400 ya mashine ya kusaga, umeme wa nguzo ileile.

Nirudi kwenye maksi kidogo. Kozi hazina uzito sawa, zina kredit, na kredit moja inahesabiwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Digrii ya miaka 4 ni kredit 480. Kozi ya kredit 12 ni saa 120, na vipindi ni sehemu tu ya hizo, zinazobaki ni zako na desa lako. Sasa watu wanakesha kwenye kozi rahisi ya kredit 8 wanapata A, halafu kozi nzito ya 12 wanaambulia C. Piga mwenyewe, A ni 5 na C ni 2, arobaini jumlisha ishirini na nne gawanya kwa ishirini, unapata 3.2, na A yako unayo mkononi. Kozwaki (test na kazi za semista) 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) 60 kwa sisi ilikuwa hivyo, mtu anayeingia UE na kozwaki ya 15 anatafuta kudisko, yaani kuondolewa chuo, kwa hiari yake. Test za mwanzo wa semista ndo za kuchukua maksi, maana lekchara bado hajafika kwenye mambo magumu.

Vifaa msihangaike sana. Kalkuleta nzuri ya sayansi, maltimita ya kawaida, na laptopu yoyote inayowaka. Kuna programu za bure za kuchora na kujaribu sakiti kama LTspice, na Octave inafanya mengi ambayo ungefanya na MATLAB. Ukipata boom la kwanza nenda Kariakoo kanunue Arduino (kompyuta ndogo ya kujaribia sakiti) na vikorokoro, usinunue subwufa. Nimesema.

Na nyumbani jiandae, ukitoka semista ya kwanza tu mama mdogo atakwambia injinia soketi ya sebuleni inatoa cheche. Mimi niliona aibu kusema sijui, nikafungua, nikazima kijiji kizima cha vyumba sita. Digrii haikufundishi waya wa nyumba, huo unajifunza kwa fundi, na kufanya kazi ya kufunga umeme kwa watu kunataka leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo ina madaraja yake, cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Uinjinia nao ni safari nyingine, ukimaliza unajisajili ERB kama injinia mhitimu, kuna mpango wao unaitwa SEAP wa miaka 3 unafanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa, ndipo unaomba kuwa injinia kamili. Kwa hiyo piga hesabu, 4 jumlisha 3. Waambie wazazi mapema wasije wakaanza kukuuliza nyumba mwaka wa tano.

Kazi je? Zipo na hazipo. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, treni ya umeme ya SGR inatembea kwa volti 25,000, vitu hivi vinataka watu, ila havichukui darasa zima kila mwaka. Wenzangu wengi wako kwenye sola, viwandani, kwenye minara ya simu, wawili wanaandika programu na hawajagusa waya tangu wamalize.

Kutoka sasa mpaka chuo kifunguliwe una miezi kama mitatu. Usilale yote. Chukua zile topiki nne nilizotaja, fanya maswali kumi kumi kila siku, na jioni katafute fundi wa mota au wa friji mtaani kwenu, mwamkie vizuri, omba kukaa, beba hata boksi la spana. Ukikwama kwenye difrensho ikwesheni nitafute, ila tafadhali usinitumie picha ya swali usiku wa kuamkia UE.