Maswali na Majibu: Rangi za Miali ya Moto

*Chumvi ikimwagikia mkaa, mwali hugeuka njano. Je, chumvi huungua?*

Haiungui, na kosa hili nimelisahihisha hadi nimechoka. Kinachoungua ni mkaa; joto lake huvukiza chumvi kidogo, elektroni za atomu za sodiamu hupanda ngazi ya juu ya nishati, na zinaporudi chini huiachia nishati hiyo ikiwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, ambao jicho huuona njano. Ngazi hizo hutofautiana kwa kila elementi, ndiyo maana lithiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani na potasiamu zambarau hafifu. Wanaokariri orodha hii kwa ajili ya mtihani bila kujua habari ya elektroni wameshika ganda wakaacha kokwa. Wanasayansi Bunsen na Kirchhoff, walipouchunguza mwanga wa miali kwa mche wa kioo huko Heidelberg, Ujerumani, waligundua sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861, elementi ambazo hakuna aliyezikariri kabla yao.

*Basi mafuta ya kibatari yana sodiamu?*

La, njano ya kibatari ni masizi yaliyopata moto hadi yakang'aa.

*Mwali wa jiko langu la gesi umeacha ubluu, sasa ni wa njano. Gesi imechakachuliwa?*

Kabla ya kumlaumu muuzaji, zima jiko, usafishe matundu yake. Yakiziba, hewa haitoshi, gesi haiungui yote, na pamoja na masizi hutoka kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Fungua madirisha. Njano inayomulika mara moja mchuzi unapofurika ni ya chumvi tu.

*Vijana wakichoma nyaya za umeme, kwa nini moto huwa wa kijani?*

Klorini ya plastiki huungana na shaba, na mvuke wake ndio utoao kijani. Rangi si hoja: moshi huo una asidi na dioksini, ambazo ni sumu kali, na shaba hupatikana kwa kuimenya waya kwa kisu.

*Nimwage methanoli (alkoholi inayoshika moto upesi) kiasi gani juu ya chumvi ili darasa zima lione rangi?*

Usimwage hata tone. Nchini Marekani wanafunzi wameungua vibaya katika maonyesho ya namna hii, kwa kuwa mvuke hushika moto na mwali hurudi hadi kwenye chupa. Tumia waya wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromiamu) uliosafishwa kwa asidi ya hidrokloriki, uuchovye katika chumvi, uupeleke kwenye mwali wa gesi. Potasiamu itazame kupitia kioo cha bluu cha kobalti, kwani sodiamu kidogo tu huifunika zambarau yake.