Sado Iliyobonyea Kitako

Swali: Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wenzangu wengi wamezibonyeza sado zao, vile vindoo vya kupimia, kitako kwa ndani, bei ni ile ile, wananizidi faida. Wateja wenyewe wanaujua mchezo. Nikibonyeza yangu nitamkosea nani?

Jibu: Mama yangu, sado ya namna hiyo naijua. Muuzaji anajaza kwa mikono miwili, anaweka kichuguu juu, dagaa wanamwagika pembeni, nawe unajiona umependelewa. Ukizamisha mkono ndipo unakuta kitako kimepanda vidole vitatu. Kile kichuguu ndicho kinachoniuma: ukarimu wote umewekwa panapoonekana.

Wanaoujua mchezo ni wachuuzi wa kila siku, na wanapatana bei wakijua. Mtoto aliyetumwa na bibi yake, noti kaikunja kiganjani, hajui. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 juu ya mwenye duka asiyempunja hata mtoto, kisha akahoji: anatenda haki kwa kuwa ni haki, au anachunga wateja wake? Kwake, la kwanza tu ndilo lenye thamani ya kimaadili. Mimi sifiki ukali huo. Ukipima sawa kwa kuchunga wateja, bibi bado kala dagaa wake wote. Ila wewe haki inakula faida yako na hujaacha kupima kamili. Hilo ni jambo kubwa, na hasara yako siidharau. Ongeza bei kidogo, sema wazi kwa nini, na mteja apapase sado tupu kabla hujajaza.

Swali: Konda wa daladala ya Buhongwa kanizidishia chenji elfu mbili. Nimegundua nikiwa nyumbani.

Jibu: Kesho simama kituo kile kile, umrudishie. Jioni konda ana hesabu ya tajiri, na pengo analifidia mfukoni mwake.

Swali: Nilikuwa napeleka dawa ya mama kisiwani. Mtumbwi ulikuwa umejaa, nahodha akasema tubanane, nikapanda. Tulifika salama. Nilikosea?

Jibu: Kufika salama hakulimalizi swali, maana ziwa lingechafuka ungekuwa umefanya jambo lile lile. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 200. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi makwao na mizigo yao. Siwezi kuwalaumu abiria wale, na wewe sikulaumu kama ninavyomlaumu nahodha, ambaye kuhesabu watu ndiyo kazi yake.

Lakini fikiria waliokuwa wamekwisha kukaa. Uliipima hatari yako dhidi ya ugonjwa wa mama, ukaamua. Yule mwenye mtoto mgongoni uliyembana kwenye ubao uliiongeza hatari yake pia, naye hakuna aliyemuuliza. Na dawa ile, mwanangu, ni kifurushi kidogo. Ungemkabidhi huyo mwenye mtoto, ukampigia simu jirani akaipokee ufukweni.