Usitume hiyo hela: chomoa tairodi kwanza (MGB, usukani mgumu)

Acha. Kabla hujaenda benki, acha.

Nimesoma uzi wako nikiwa nakunywa chai hapa Kirumba, Mwanza, ikanipalia. MGB ya 1972, kile kigari cha michezo cha Kiingereza, usukani mgumu kama wa Fuso lililopakia pamba, fundi kakwambia raki ya usukani imekufa (kile chuma chenye meno kinachosukuma tairodi, yaani fito mbili zinazokwenda kugeuza magurudumu ya mbele), na kesho unatuma hela Uingereza ukaletewe nyingine. Mkuu, huo mkanda nimeshauona, na stelingi nilikuwa mimi.

Yangu ni ya 1971. Niliikuta Capri Point, iko juu ya matofali chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha abiria. Nikaiwasha, nikaipaka rangi (kumbuka hiyo rangi), nikaanza kutamba nayo mjini. Kuiegesha pale kivuko cha Kamanga ilikuwa lazima nishike usukani kwa mikono miwili na kuinua makalio kidogo. Na kitu kingine ambacho ningekuwa na akili kingeniokoa: nikikata kona kushuka kutoka Bugando, usukani unabaki pale pale nilipouacha. Haurudi wenyewe. Wako unarudi? Hujasema.

Fundi akaja, ovaroli jeupe. Akautikisa usukani mara mbili, akafumba macho kama mganga, akasema, "Raki hiyo, bosi." Hakuleta jeki. Hakulala chini. Hata kofia hakuvua! Na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Raki, usafirishaji, ushuru, halafu basi kutoka Dar: milioni moja na laki nane. Miezi minne ya kusubiri. Nyumbani nilisema laki tatu, na mama watoto kama unapita humu, ni laki tatu.

Ikafungwa. Usukani ukawa mgumu zaidi ya mwanzo. Nilikuja kujua baadaye kwamba chini ya raki ya zamani kulikuwa na vibati vyembamba vya kuiweka mstari mmoja na nguzo ya usukani. Yule bwana alivitupa. Raki ikikaa upande, ile krosi inayoiunganisha na nguzo inabana, kwa hiyo nilikuwa nimelipa milioni na ushee kununua ugonjwa wa pili. Nikamlalamikia, akanijibu, "Zoea bosi, kitu kipya huwa kigumu." Nikazoea wiki tatu. Bega la kulia mpaka leo linatabiri mvua kuliko mamlaka ya hali ya hewa. Akaja na wazo jipya, tufunge pampu ya usukani ya Noah. Sitaficha, nilishaanza kuulizia bei ya hiyo pampu.

Raki yangu ya zamani je? Nilipoifuata alikuwa ameshaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa kilo. Raki nzima, haina ubovu wowote, imepimwa kwenye mizani pamoja na masufuria.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Igogo ambaye kazi yake hasa ni malori na injini za boti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na neno la pili lililomtoka mdomoni lilikuwa, "Umechomoa tairodi?" Nikasema hapana. Akanitazama kwa huruma, nahisi mpaka leo.

Akainua mbele kwa jeki, akaweka magogo chini (usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, una familia). Akalegeza nati za tairodi bila kuzitoa kabisa, akachukua nyundo mbili, akagonga pembeni mwa kile chuma kinachoshika tairodi, nyundo huku na huku kwa wakati mmoja. Tap, ikaachia. Hagongi uzi wa nati hata siku moja, ukiuharibu umejitafutia spea nyingine. Akafanya pande zote mbili. Akaniambia nikae nizungushe usukani. Mzito kidogo, akalegeza raki, akaipangia vibati alivyokata mwenyewe, nikajaribu tena. Kidole kimoja, mkuu, maana yake ubovu haukuwa kwenye raki, uko huko magurudumuni. Kidole kimoja!

Halafu, "Njoo ushike gurudumu." La kushoto likazunguka kwa kulalamika. La kulia nikalivuta kwa mikono miwili, gari zima likatikisika juu ya magogo, gurudumu halijasogea hata inchi.

Kingpini. Gari hili halina boljointi kama hizi Toyota zetu, lina kingpini, pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia; ikikauka grisi inabana, ndiyo maana usukani ulikuwa haurudi wenyewe. Na muundo wenyewe ni wa kizamani kuliko Uhuru. Kila upande una nipeli tatu za grisi (vile vichuchu vya kuingizia grisi), jumla sita, na kitabu cha gari kinataka zipigwe grisi kila maili 3,000, karibu kilomita 5,000. Zangu nilikuwa nimezifunika kwa rangi. Mimi mwenyewe. Rangi nzuri sana, nyekundu.

Tukazikwangua, mbili tukabadilisha. Bomba la grisi likakataa, tukaloweka kwa dizeli usiku kucha, kesho yake tukarudia gurudumu likiwa hewani, mmoja anapampu, mwingine analizungusha huku na huku. Kwanza kikatoka kitu cheusi, kigumu, kama ukoko wa ugali uliosahaulika sufuriani. Kikafuata cha kahawia. Ndipo ikatoka grisi safi. Kushoto kulipona hapo hapo. Kulia pini ilishalika, nikaagiza pini na bushi zake, kifurushi cha kubeba kwa mkono mmoja, fundi kerezo akazichonga bushi kwa ndani zipokee pini. Gharama yote haikufika robo ya raki.

Kwa hiyo upepo wa tairi pima, ni bure. Raki yenyewe inataka oili nzito ya EP90, si grisi, kwa hiyo angalia kama mipira yake imepasuka na kuvuja. Lakini mtu yeyote akikutajia jina la spea kabla hajachomoa tairodi, mpe maji ya kunywa, mshukuru, afunge geti akitoka. Hata akiwa na ovaroli jeupe. Hasa akiwa nalo jeupe.

Kesho asubuhi inua, chomoa, zungusha gurudumu moja moja, halafu rudi hapa uniambie: gumu ni la kulia au la kushoto?