Shilingi 500 kwa siku zinakununulia nini Instagram?

Swali: Salamu kaka. Mimi ni mbunifu wa michoro hapa Umoja, Nairobi. Natengeneza nembo, menyu na mabango ya maduka, saluni na vibanda vya chakula. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikibusti posti zangu Instagram kwa shilingi 500 kwa siku. Laiki zinakuja na wafuasi wanaongezeka, lakini wanaoagiza kazi ni wachache mno. Ni nani hasa anayeamua tangazo langu limfikie nani? Nikifungua tovuti yangu mwenyewe, nitapotea? Halafu nina michoro ya maandishi ya matatu za Eastlands niliyoifanya kwa mapenzi yangu tu, hakuna aliyenilipa. Niiweke pamoja na kazi za wateja ama niifiche?

Jibu: Dada yangu, tuanze na hizo laiki, kwa sababu ndizo zinazomeza pesa yako.

Ukibonyeza kubusti, programu hukuuliza unachotaka: watu watembelee ukurasa wako, waende kwenye tovuti, au wakutumie ujumbe. Wengi hugusa la kwanza na kusonga mbele, na hapo ndipo mambo yote huamuliwa. Ukiomba watembeleaji, mfumo hukutafutia watu wenye mazoea ya kufungua kurasa. Watu hao ni wengi na hupatikana kwa bei ya chini. Mwenye kibanda cha chipsi Donholm anayehitaji bango wiki hii huenda hata hayumo kati yao. Umepewa ulichoagiza, na ripoti itakuonyesha kwamba tangazo limefanya vizuri.

Anayeamua ni mnada. Kila mtu anapofungua Instagram, nafasi ya tangazo kwenye simu yake hupigwa mnada papo hapo, na mwenye pesa nyingi si lazima ashinde. Meta, kampuni inayomiliki Instagram, huchukua kiasi ambacho kila mtangazaji yuko tayari kulipa, hukizidisha kwa makadirio ya uwezekano wa mtu yule kufanya kile ulichoomba, kisha huongeza alama za ubora wa tangazo lenyewe. Mwenye jumla kubwa ndiye anayeonekana. Kwa hiyo picha yako ina thamani ya pesa kamili: tangazo ambalo watu wanaliitikia humwezesha mtu wa Umoja kushinda nafasi ambayo kampuni kubwa ya mjini ilikuwa imeiwekea dau la juu. Hilo nalipenda sana kwenye mfumo huu, na ni haki kulisema.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Tangazo jipya lina kipindi cha kujifunza, na Meta yenyewe hueleza kwamba mfumo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili utulie. Sasa piga hesabu. Shilingi 500 kwa siku 7 ni 3,500. Ukitaka jumbe 50 kwa pesa hiyo, kila ujumbe usizidi shilingi 70. Ukigawanya pesa hiyo kwa matangazo matatu, hakuna hata moja litakalofika. Na ukibadilisha picha Jumanne, kisha eneo Alhamisi, hesabu inaanza upya. Nikisoma barua yako nahisi umekuwa ukibusti kila posti mpya, maana yake pesa yako yote imetumika kuufundisha mfumo masomo ambayo hayakuwahi kumalizika.

Ningekuwa wewe, ningekiacha hicho kitufe cha kubusti na kuingia kwenye Meneja wa Matangazo (Ads Manager) wa Meta. Chagua lengo la ujumbe, uelekeze WhatsApp, halafu chora duara kwenye ramani lizunguke Umoja, Donholm na Buruburu. Weka tangazo moja tu: menyu ya zamani ya mteja mmoja upande wa kushoto, uliyoitengeneza wewe upande wa kulia, na bei ya kuanzia iandikwe kwa tarakimu kubwa. Bei huwachuja watu. Atakayeandika baada ya kuiona ameshajua kama ana uwezo. Liache wiki nzima bila kuligusa, hata kama siku ya pili ni kimya.

Na kila anayeandika, muulize amekuona wapi, ukaandike kwenye daftari. Ripoti za kampuni zina namna yake ya kuhesabu. Kwa matangazo yanayopeleka watu kwenye tovuti, mpangilio wa kawaida wa Meta hujipa sifa hata mtu akiliona tangazo bila kuligusa, mradi achukue hatua ndani ya siku moja. Huenda mtu huyo aliletwa na jirani yake. Daftari lako litajua.

Haya mambo hayatokani na ubaya wa mtu fulani pale ofisini kwao. Zaidi ya asilimia 95 ya mapato ya Meta hutoka kwenye matangazo, kwa hiyo kila kitufe unachokiona kimepangwa kukupa sababu ya kutangaza tena. Tangu matangazo ya mtandaoni yalipoanza, bango la kampuni ya simu AT&T lilipowekwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994, kinachohesabiwa kwa urahisi ndicho kinachouzwa, na laiki huhesabika kwa urahisi kuliko uaminifu wa mteja. Mbunifu asipolielewa hili ataanza kuchora vitu vya kupata laiki. Nimewaona vijana wenye vipaji hapa Nairobi ambao kazi zao zote sasa zinafanana, na inaniuma.

Kuhusu tovuti: ifungue, lakini Instagram usiiache. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita baada ya kosa la matengenezo kuikata mitandao ya kampuni hiyo na intaneti. Mtu ambaye wateja wake wote walikuwa humo hakuwa na hata pa kuandikiwa barua. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri kupoteza nyimbo na picha ambazo watu walikuwa wamezipakia hadi mwaka 2015. Kazi za watu zilizimwa na seva, basi.

Huhitaji kitu kikubwa. Ukurasa mmoja, kazi kumi nzuri, namba yako ya WhatsApp na baruapepe. Wageni wako wanatumia bando, kwa hiyo hifadhi picha kwa WebP, muundo wa faili unaopunguza uzito wa picha, upana wa pikseli 1,600 unatosha, na ujitahidi ukurasa wote usizidi MB moja. Jina la .co.ke au .me.ke utalipata kupitia wasajili wa KENIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti ya .ke. Hapa uwe macho: lisajiliwe kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi anayekujengea tovuti. Watu wengi wamegundua kwamba jina la biashara yao ni mali ya mtu mwingine siku walipokosana naye.

Usiweke pikseli ya Meta, yaani kipande cha msimbo kinachofuatilia wageni, kwenye ukurasa huo. Ukiiweka, unakusanya taarifa za wageni wako na kuipa kampuni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uwaeleze. Kwa ukurasa wa kazi kumi, sioni faida inayostahili hilo.

Sasa ile michoro ya matatu. Iweke, tena juu kabisa. Kazi za wateja zinaonyesha kwamba unaweza kufuata maagizo. Hii inaonyesha jicho lako, na mteja mwenye pesa nzuri hununua jicho. Ipo sababu ya kisheria pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Nembo uliyoichora kwa wiki mbili huenda huna haki ya kuionyesha. Kwa hiyo kwenye kila bei unayomtumia mteja, kabla ya kupokea malipo ya kwanza, ongeza sentensi hii: "Mbunifu anabaki na haki ya kuonyesha kazi hii kwenye mkusanyo wa kazi zake." Wengi watakubali bila neno.

Lakini maandishi ya matatu nayo yana wenyewe. Kama umechora upya herufi ambazo msanii mwingine alizipaka ubavuni mwa gari, ile ni kazi yake. Nenda steji umuulize dereva au makanga gari lilipakwa wapi, umfuate msanii huyo karakana, umwonyeshe ulichofanya na kumwomba ruhusa. Akikubali, jina lake liandike chini ya mchoro kwa herufi zinazosomeka hata kwenye simu ndogo. Akikataa, utoe huo mmoja na uache mingine.